Maksai kwa Mashine

Mashine ilizimika Jumatatu kabla ya adhuhuri, Kaluki akiwa katikati ya sentensi. Masikioni alikuwa akimsikiliza mwanamke asiyemjua akieleza namna ya kukausha kunde, na vidole vyake vilikuwa vikiyaandika maneno yale kadiri yalivyokuja. Mara skrini ikawa nyeusi, feni ikanyamaza, na sauti ya yule mwanamke ikakatika. Kaluki aliinua mikono juu ya kibodi akaiacha hewani, kama mtu aliyeshikwa akigusa kisicho chake.

"Tena?" aliuliza mama yake, Kalekye, aliyekuwa akichambua sukuma wiki mlangoni.

"Tena, Mama."

"Na ile uliyokuwa ukiandika?"

"Nusu imeokoka. Nusu imekwenda."

Kazi yenyewe Kaluki hakuwa ameipata bado, alikuwa akijaribiwa. Kampuni moja ya ng'ambo ilimpelekea sauti za watu wakizungumza Kiswahili na Kikamba, naye akaziandika neno kwa neno. Jaribio la mwisho lilikuwa Ijumaa alasiri: saa tatu mfululizo, kamera ikimtazama, ndani ya chumba kisicho na mtu mwingine anayesema, kwa mashine yake mwenyewe iliyoandikishwa kwao kabla ya Alhamisi jioni. Mashine ikizimika katikati, jaribio limekwisha, wala halirudiwi. Hivyo hakuweza kukimbilia saiba, duka la kompyuta za kukodi, wala kuazima kompyuta ya mtu dakika ya mwisho. Tangu amalize chuo cha ualimu alikuwa amefundisha kwa vibarua, leo shule hii, kesho ile, na hakuna mwalimu mkuu aliyewahi kumwambia neno "mwajiriwa". Kampuni hii ilikuwa imelitaja.

Baba yake, Musau, alikuja kula chakula cha mchana akiwa na unga wa mbao kwenye nyusi. Alikuwa seremala na mzee wa kanisa, na hakuketi kabla ya kujua hali ya nyumba yake. Aliitazama skrini, akaelewa.

"Imekufa au imelala?"

"Imelala, Baba. Baada ya saa moja hivi itaamka. Lakini ikilala Ijumaa, mimi ndiye nitakayekufa."

"Usiseme hivyo ndani ya nyumba hii."

"Samahani, Baba."

Mashine ile ilikuwa imeingia nyumbani kwao, huko Kianda, Kibera, kwa njia ya heshima. Shule moja ya mtaa wa Ayany ilipobadilisha kompyuta zake, ilimpa Musau moja kuwa sehemu ya ujira wa madawati aliyoitengenezea. Siku alipoileta mabegani mwa mwendesha boda boda, alitamka mbele ya wote kwamba kitu kilichopatikana kwa jasho hakiachwi uchi. Kalekye hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Katika nyumba ile kila kitu kilikuwa na kitambaa chake kilichofumwa kwa mkono: makochi, redio, meza, mtungi wa maji, hata saa ya ukutani ilikuwa na kola. Skrini ikapata chake, kilichoinuliwa wakati wa kazi. Sanduku la mashine, lililosimama pembeni, likapata kikubwa zaidi, cheupe chenye maua ya zambarau, kilichoteremka pande zote hadi mezani. Na katikati ya ua moja Kalekye aliacha tundu dogo la kupitishia kidole cha kuwashia. Kitambaa hicho hakikuondolewa wakati wa kazi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haja ya kulitazama sanduku. Barabara ya nyuma ilipochimbwa mwezi wa Agosti na vumbi likazidi, alikishonea bitana ya satini kwa ndani. Wageni walikisifu.

Musau alisali, akala kimya, kisha akaisogeza sahani. "Haya. Sema unachotaka, na ukiseme kwa mpangilio."

Kaluki alikuwa amejiandaa tangu wiki iliyopita. "Baba, njia ni mbili. Ya kwanza ni kuiongezea hii memori na kuitia diski yenye kasi, sanduku likabaki lilelile. Ya pili ni kuiacha kabisa na kuchukua nyingine kule kwa fundi Mukhwana. Imetumika Ulaya, lakini ingali changa. Mimi naona tuiache hii."

"Jembe likilegea mpini, hununui jembe."

"Si wewe unayesema mbao iliyoliwa na mchwa haipigwi randa?"

Kalekye aliinamisha uso kuficha tabasamu. Musau hakutabasamu.

"Na umeona mchwa?"

Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Hakuna aliyemwona mchwa. Wiki iliyopita mashine ilikuwa imeshinda kwa Mukhwana, fundi wa kompyuta kule Kawangware, tangu asubuhi hadi jioni, nayo ikafanya kazi bila kukohoa, kama mtoto anayepona ghafla akifikishwa mbele ya daktari. Ilirudishwa Kianda, ikazimika.

Kuhusu njia ya pili, wote watatu walijua ingelipiwa na nani. Ingelipiwa na Waziri. Huyo alikuwa maksai wa Musau, aliyekuwa Kitui chini ya ulinzi wa mdogo wake, Nzuki. Nzuki naye alikuwa na maksai wake aitwaye Kapteni, na wanyama hao wawili walifundishwa nira pamoja tangu wangali ndama. Mmoja alijua kugeuka kabla mwenzake hajaguswa. Mvua za vuli zilikuwa zikinyemelea. Mnada wa mifugo ulikuwa Jumatano, na uliofuata ungekuja baada ya jaribio kupita. Kumuuza Waziri sasa kulikuwa kumwachia Kapteni nusu ya nira, na shamba lililolisha nyumba mbili lisubiri jembe la mkono.

"Kesho tutakwenda Kawangware tena, mimi na wewe," Musau alisema akiinuka. "Nataka nisikie kwa masikio yangu."

*

Duka la Mukhwana lilikuwa kando ya Naivasha Road, jembamba kama korido, limejaa masanduku yaliyofunguliwa matumbo. Mwenyewe alikuwa Mluhya mnene mwenye mzaha, asiyeacha kufanya kazi hata akisalimia.

"Mzee, karibu! Kaluki, sasa? Imerudi tena hii mgonjwa yenu?"

"Imerudi," Kaluki alisema.

"Mimi nashangaa. Hapa kwangu inachapa kazi, kwenu inagoma. Labda ni landlord ndiye haipendi."

Aliiwasha mbele yao, akaifungulia kila kitu kilichoweza kufunguliwa. Iliunguruma polepole, lakini iliunguruma. Musau alisimama wima mbele yake, kofia mkononi, kama anayesikiliza ushahidi. Adhuhuri ilipita.

"Wiki iliyopita niliipuliza," Mukhwana alisema. "Ndani kulikuwa na manyoya, nyuzinyuzi nyeupe. Mnauza mitumba pale soko la Toi?"

"Hatuuzi," alisema Kaluki.

"Basi ni vumbi la Kibera. Nayo hiyo huwezi kuishtaki."

Walicheka, hata Musau akalegeza midomo. Hakuna aliyefikiria kukitaja kitambaa, kama ambavyo mtu akiulizwa ugonjwa wake hafikirii kutaja rangi ya ukuta.

"Nieleze bila mapambo," Musau alisema. "Tukiiongezea hayo unayoyasema, itaacha kuzimika?"

Mukhwana alijikuna kidevu. "Mzee, ukiongeza memori itapumua. Ukiweka diski mpya, itawaka kabla hujafunga mdomo. Lakini hii mambo ya kuzimika, sijaiona kwa macho yangu. Kitu sijaona siwezi kukuambia nimetibu."

"Na ile nyingine?"

"Ile iko fiti. Ina waranti, ikiharibika mnairudisha."

"Ikizimika siku ya mtihani, waranti itamfanyia mtihani?"

"Wueh! Mzee, wewe ungekuwa wakili."

"Jibu."

"Haitamfanyia," Mukhwana alikiri. Kisha akatoa kisanduku kutoka chini ya meza. "Chukueni hii stabilaiza niwaazime. Kama ni stima ya kwenu inaruka, itainyoosha. Ikizima hata na hii, mzee, usinisumbue tena. Nunua ingine."

Walirudi nayo Kianda. Kalekye aliipokea mashine mlangoni, akaifuta mgongo, akaiunganisha na ile stabilaiza kama alivyoelekezwa, kisha akaifunika vizuri hadi chini, kama mtu anavyomfunika mgonjwa aliyetoka hospitali. Kaluki aliketi akaanza kazi. Alikuwa ameacha kuyasikiliza maneno, aliisikiliza feni. Kila ilipopandisha sauti, aliacha kuandika.

Alasiri, jua likiwa bado juu ya mabati, skrini ikawa nyeusi.

Musau alikuwa ameketi kwenye kochi akijifanya anasoma gazeti. Alilikunja. Akalikunja tena hadi likawa dogo, akaliweka mezani, akachukua simu.

"Nzuki. Kesho ni mnada."

"Najua, Kaka," sauti ya Nzuki ilisikika chumba kizima. "Kwani mnataka mbuzi?"

"Mpeleke Waziri."



"Waziri yupi?"

"Tunao wangapi?"

"Kaka, mawingu yameanza kukaa mlimani. Kapteni atalima na nani? Na mimi?"

"Akikosa mwingine, atalima na wewe."

"Na hiyo kompyuta itapalilia?"

"Italeta mshahara wa kila mwezi. Mvua haijawahi kuniahidi hivyo." Kisha akapunguza sauti. "Nzuki. Huyu mtoto ameketi mbele yangu akiitazama skrini nyeusi. Mpeleke. Usimuuzie mwenye bucha."

"Nimesikia," Nzuki alisema, wala hakutia mzaha tena.

Usiku ule Kaluki alilala akimwona maksai akitembea, na kila alipogeuka maksai aligeuka pamoja naye.

*

Jumatano jioni akina mama wa ushirika wa maombi wangekutana nyumbani kwa Kalekye. Kwa hiyo kazi yake ya kila Jumamosi aliifanya siku hiyo. Alivivua vitambaa vyote alfajiri, vya makochi na vya redio na vya mashine, akavifua, akavitia uwanga, akavianika nje kwenye kamba. Jirani yao, Risper, aliyekuwa akipita na ndoo, alichungulia ndani.

"Mama Kaluki, leo nyumba yako iko uchi kama ya kapera!"

"Jioni utaikuta imevaa suti," Kalekye alimjibu.

Kaluki aliiwasha mashine bila tumaini, kwa sababu sauti za siku ile zilihitajika kabla ya jioni. Alifanya kazi akiwa ameinama, mabega masikioni, kama anayengoja kupigwa. Saa nne. Saa sita. Mama yake alipoingia kunywa maji, alisimama na kikombe mkononi.

"Haijazimika?"

"Bado. Usiseme, Mama. Ukisema itazima."

"Jumamosi pia haikuzimika."

"Jumamosi huwa haizimiki. Nilimwambia Mukhwana. Anadhani Jumamosi watu wengi hawatumii stima."

"Jumamosi," Kalekye alirudia. Alikitua kikombe. "Jumamosi mimi hufua."

Alilikaribia sanduku akaliwekea kiganja ubavuni. Lilikuwa na uvuguvugu kama ubavu wa mbuzi. Nyuma yake, kwenye matundu ambayo hakuwahi kuyatazama kwa makini, hewa moto ilikuwa ikimpuliza vidole. Alitoka nje. Jua lilikuwa kali na uwanga ulikuwa umekauka. Akarudi na kitambaa cheupe chenye maua ya zambarau.

"Mama, unafanya nini?"

"Hifadhi kazi yako. Umeihifadhi?"

"Nimeihifadhi, lakini—"

Kalekye alilivisha sanduku kitambaa, akakinyoosha hadi mezani pande zote, bitana kwa ndani, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Kisha akavuta kigoda akaketi, mkono mmoja akiupenyeza nyuma chini ya kitambaa. Feni ilianza kupandisha sauti, ikapandisha tena, kama mtu apandaye mlima na gunia. Kiganja cha Kalekye kiliungua naye hakukitoa. Alikuwa bado ameketi hivyo wakati mashine ilipokata pumzi na chumba kikanyamaza.

Alikivua kitambaa polepole, akakikunja mara nne, akakiweka mapajani.

"Ni mimi," alisema.

"Mama, hukujua. Hata mimi niliyeketi hapa kila siku—"

"Ni mimi. Mpigie baba yako. Waziri yuko njiani."

Musau alitoka karakana akikimbia, mzee ambaye hakuna mtu wa Kianda aliyewahi kumwona akikimbia. Alisikiliza maelezo akiwa amesimama. Hakumtazama mkewe kwa ukali. Hakumtazama kabisa, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vikitafuta namba. Mwanamke wa mitambo alimjibu kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Akapiga tena. Hapatikani. Nzuki alikuwa na desturi ya kuizima simu njiani ili chaji imfikishe nyumbani, na hakuna aliyeweza kumwachisha desturi hiyo.

"Mpigie mtu mwingine aliye mnadani," Kaluki alisema.

"Nani? Namba yake ninayo?"

"Mwenye duka, mchungaji, mtu yeyote!"

Musau alimpigia mchungaji wa huko. Mchungaji alikuwa matangani, mbali. Alimpigia binamu, simu iliita hadi ikachoka. Kalekye aliketi pale pale na kitambaa mapajani, akizungusha kidole kwenye lile tundu la ua, na mkono wake ulioungua ulikuwa mwekundu. Kaluki aliutia maji. Hakuna aliyekumbuka kuwasha jiko.

Vitambaa vilikuwa bado kwenye kamba akina mama walipoanza kuingia. Waliingia wakiimba, wakayaona makochi yalivyo matupu, wakadhani kuna msiba, na nyimbo zikapungua zenyewe. Ndipo simu ikalia, na Musau akatoka nayo uani. Kaluki alimfuata.

"Kaka," alisema Nzuki. "Nimemuuza. Si kwa bucha, nilikataa bucha wawili. Amechukuliwa na mkulima wa ng'ambo ya mto, mtu mpole. Fedha zitakufikia sasa hivi."

"Amekwisha ondoka naye?"

"Ameondoka. Waziri aligeuka mara moja kutafuta mwenzake, kisha akaenda." Nzuki alisita. "Kwani vipi? Sauti yako si nzuri."

Musau alimweleza kwa maneno machache. Upande wa pili pakasikika pumzi ndefu.

"Nimkimbilie? Naweza kumfikia kabla ya mto."

Kaluki aliona taya la baba yake likikaza. "Mlishikana mikono?"

"Mbele ya watu."

"Basi usimkimbilie. Neno lililofungwa mbele ya mashahidi halifunguliwi kwa sababu mimi nilikuwa na haraka."

Alipogeuka, Kalekye alikuwa amesimama mlangoni na alikuwa amesikia.

"Baba Kaluki, mrudishie mtu huyo fedha zake. Nitakwenda mwenyewe kumwomba."

"La."

"Nilikifuma kwa mikono hii."

"Kwa amri yangu," Musau alisema. "Mimi ndiye niliyesema kisiachwe uchi. Nenda kwa wageni wako."

*

Alhamisi asubuhi Kaluki na baba yake walisimama tena katika duka la Mukhwana. Fundi alisikiliza hadithi yote mdomo wazi, kisha akapiga paja.

"Kumbe zile nyuzi! Aki, mama alikuwa anaifunika kama maiti!"

"Chunga ulimi," Musau alisema. "Amri ya kuifunika ilitoka kwangu."

"Pole, mzee. Pole sana. Hata mimi nilikuwa niulize inakaaje huko nyumbani, sikuuliza." Mukhwana aliinamia sanduku kwa haya, akalifungua.

Musau alimgeukia binti yake. "Fedha zipo. Zimekwisha kuja, na zimekuja kwa ajili yako. Ile mashine nyingine ile pale. Hii ni hii. Kesho si yangu, ni yako. Amua."

Kaluki hakuwa ameitarajia. Maisha yake yote baba yake ndiye aliyekuwa akiamua, naye kazi yake ikawa kukubali au kununa. Aliitazama mashine changa kwenye rafu, nyeusi, nyembamba, isiyo na historia. Angeichukua, na usiku angelala.

"Mukhwana, ule moto umeiumiza hii?"

"Inawezekana imeumia kidogo. Inawezekana haijaumia. Siwezi kukuapia."

"Ungekuwa wewe?"

"Mimi? Mimi ni muuzaji, Kaluki. Usiulize fisi kama nyama inatosha."

Kaluki aliuweka mkono juu ya sanduku lao. Alimfikiria mama yake, ambaye tangu jana alikuwa amesema maneno ya lazima tu, na ambaye asubuhi ile hakulivisha kochi hata moja. Mashine mpya ikiingia ndani, Kalekye angemwona Waziri ndani yake kila siku, akiwaka na kuzimwa. Alimfikiria Kapteni peke yake chini ya mawingu. Fedha zikimalizikia hapa, nira ingekaa kwenye paa la zizi mwaka huu na labda ujao. Lakini hii ya zamani ikizimika kesho, maksai amekwenda na kazi imekwenda, na hakuna wa kulaumiwa ila yeye. Jana Jumatano, uchi, ilifanya kazi tangu asubuhi hadi saa ile mama yake alipoifunika kwa makusudi. Na Jumamosi zote. Aliyashika hayo kama mtu avukaye mto ashikavyo kamba.

"Ongeza memori," alisema. "Badilisha feni, uweke kubwa. Diski iache. Hii ndiyo nitakayoiandikisha."

Aligeuka kumtazama baba yake aone kama amekosea. Musau alikuwa akiitazama barabara.

"Umesikia anavyosema," alimwambia Mukhwana. "Fanya."

*

Ijumaa, kabla ya saa nane, Musau alibeba kiti chake akakiweka nje ya mlango, akakaa kama askari wa lango. Alimwomba Risper azime redio. Waendesha boda boda waliopita aliwaashiria kwa fimbo waende taratibu, nao, wakimfahamu, walipita wakisukuma pikipiki kwa miguu. Kalekye alikaa chumba cha ndani nyuma ya pazia, mbali na jicho la kamera, akisikiliza.

Kaluki aliwasha. Skrini iliwaka, na taa ndogo ya kamera ikamkodolea. Sanduku lilisimama kando yake bila nguo, rangi yake ya kijivu ikiwa na mikwaruzo ambayo hakuwahi kujua ipo.

Saa ya kwanza ilikuwa ya mchungaji mmoja aliyesema pole pole, ikapita. Katika ya pili walikuja wanaume wawili wakibishana juu ya mpaka wa shamba, wakikatizana maneno, na feni ikapanda. Kaluki aliisikia. Ilipanda kama ilivyopanda siku ya Jumanne, na kwa sekunde kadhaa hakuandika kitu. Mwanaume mmoja alikuwa amekwisha kusema sentensi nzima. Nyuma ya pazia Kalekye alisimama. Kisha taa ya chumba ikafifia, kwa kuwa mtu fulani mtaani alikuwa amechomeka pasi, ikafifia zaidi, ikarudi. Stabilaiza ikatoa mlio mmoja, *tik*. Skrini haikupepesa. Feni ilikaa juu, ikakaa, kisha ikateremka taratibu, kama mtu aliyefika kileleni na gunia lake akalitua.

Kaluki alirudisha sauti nyuma kidogo, kama sheria ilivyoruhusu, akaishika ile sentensi, akaandika.

Alipomaliza saa ya tatu alibaki amekaa mikono juu ya meza. Kalekye alitoka nyuma ya pazia, akasimama nyuma ya sanduku na kuweka mkono mahali hewa ilipotokea.

"Inapumua," alisema.

Nje, Musau aliuliza bila kugeuza kichwa, "Ilizimika?"

"Haikuzimika, Baba."

"Vema." Akaondoa kiti chake, akarudi karakana.

Jibu la kampuni lilikuja Jumatatu. Kaluki alilisoma kwa sauti, kisha mama yake akamtaka alisome tena, mara hii kwa Kikamba. Angeanza kazi mwezi utakaofuata. Musau alivua kofia, akasali kwa ufupi, akachukua simu.

"Nzuki. Mtoto ameajiriwa."

"Bwana asifiwe!"

"Fedha zilizobaki nazirudisha kwako. Tafuta ndama dume mwenye mabega. Umfunge nira na Kapteni."

"Mwaka huu hatalima, Kaka. Atakuwa akimkanyaga Kapteni tu."

"Mwaka huu tutalima kwa mikono, na Kaluki atasaidia kulipa vibarua. Kapteni atamfundisha."

"Sawa. Nitamtafuta." Nzuki alikohoa. "Lakini umwambie Mama Kaluki nimemwomba kitu kimoja. Huyu wa sasa asimfumie shuka."

Kaluki alitazama chini. Musau alifungua mdomo amkemee mdogo wake, na ndipo Kalekye, ambaye hakuwa amecheka tangu Jumatano, alipojishika kifuani akacheka hadi akalazimika kuketi.